Uliza Rubani: "Mwanangu anashinda nyumbani, na mshahara unaingia"

Barua za mwezi huu zimekuja kama zilizopangwa. Nne zinagusa jambo moja: rubani wa Marekani aliye "akiba" anafanya nini hasa, na pesa za safari za ziada zinatoka wapi. Maisha hayo nimeyaishi. Miaka mitatu ya mwanzo nilikuwa rubani msaidizi wa akiba New York, na leo, nikiwa kapteni wa Embraer 175, ndege ya abiria 76, hapa Chicago, bado kuna miezi naangukia akiba. Nafasi yote ya mwezi huu nawapa hao wanne.

*

*Mwanangu kapteni, hujambo? Kijana wangu ni rubani huko Chicago, ana mwaka mmoja kazini. Nikimpigia simu ya video jioni, kwao asubuhi, namkuta jikoni kavaa bukta anakaanga mayai. Jumanne hivyo, Jumatano hivyo. Nikimuuliza ananiambia, "Mama, niko kazini." Juma lililopita alinikatia simu katikati ya maneno, hata kwaheri hakuna. Mshahara anasema unaingia. Mimi ni mtu mzima, nimeona watoto walioachishwa kazi wakawaficha wazazi wao. Niambie kweli.*
Mama wa Rubani, Tanga

Shikamoo mama. Kijana wako hakudanganyi. Yuko kazini kweli, na mayai anayakaanga akiwa kazini.

Katika mashirika ya ndege ya Marekani karibu kila kitu kinakwenda kwa tarehe ya kuajiriwa. Siku uliyoingia ndiyo inayokupa namba, na namba hiyo ndiyo inayoamua utarusha ndege gani, kituo chako kitakuwa mji gani, likizo utapata mwezi gani, na kama Idi itakukuta nyumbani. Kila mwezi marubani wanaomba ratiba ya mwezi unaofuata. Wa namba ya kwanza anachagua, anafuata wa pili, wanashuka hivyo hadi mwisho wa orodha. Walioingia juzi wanapata kilichobaki, na mara nyingi kilichobaki ni akiba: mwezi usiokuwa na safari hata moja iliyoandikwa, ila siku ambazo shirika linaweza kukuita, na siku kumi na ushee za mapumziko. Kwa mwaka mmoja alionao, kijana wako hana la kufanya ila kungoja wengine waajiriwe nyuma yake.

Siku ya akiba ina saa zake. Anaambiwa, kwa mfano, muda wako wa kupatikana ni saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Ni saa 14, na ndizo nyingi kabisa ambazo sheria inaruhusu. Ndani ya muda huo simu ikilia sharti aipokee, na kwa kawaida ana kama saa mbili awe ameripoti uwanjani, sare imenyooka, begi mkononi. Wapo pia wanaokaa akiba palepale uwanjani, wamevaa kabisa, na hao sheria inawahesabu wako zamuni tangu dakika walipofika.

Nikuonyeshe ilivyokuwa kwangu, mama, upate picha. Mwaka 2016 nilikuwa napanga kitanda, wala si chumba, katika geto la marubani mtaa wa Kew Gardens, Queens. Mtaa ule umejaa wafanyakazi wa ndege hata watu wakaubatiza Crew Gardens. Tulikuwa wanane, vitanda vya juu na chini. Sare yangu ilitundikwa nyuma ya mlango, vifungo vimeshafungwa ila cha juu, ili niivae kwa kichwa kama fulana. Nililala simu ikiwa juu ya kifua. Nikienda kuoga niliitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaifunga kwenye fimbo ya pazia, na shampuu sikuwa naitia mpaka nihakikishe naiona skrini. Simu ilipolia ilikuwa sauti ya mtu wa ratiba aliyechoka kuliko mimi: jina, namba ya kazi, ndege fulani, ripoti saa fulani, umepata? Nimepata. Dakika kumi na tano baadaye nilikuwa kituoni nasubiri basi la Q10 kwenda uwanja wa JFK, nywele bado mbichi, na baridi ile ya Februari unaijua kwa kusimuliwa tu, mama, Mungu akuepushe nayo.

Na zipo siku ambazo haikulia kabisa. Saa 14 za kuisikiliza simu iliyonyamaza. Huwezi kwenda mbali, huwezi kulala usingizi wa kuzama, huwezi kuanza kupika kitu kisichoweza kuachwa jikoni. Wanaoona kwamba huko ni kupumzika hawajawahi kukaa akiba. Ndiyo maana kijana wako anakaanga mayai: mayai yanaweza kuachwa.

Shirika linamlipa kwa nini basi? Kwa sababu rubani mmoja akiamka na homa, au dhoruba ikafunga uwanja wa Denver na marubani waliotakiwa Chicago wakakwama huko, au kapteni akafikisha kikomo cha saa zake katikati ya safari, lazima awepo mwingine karibu. Desemba 2022 shirika la Southwest walifuta safari zaidi ya 16,000 baada ya dhoruba kubwa ya majira ya baridi. Dhoruba ilipita, ndege zipo, marubani wapo, lakini mfumo wa kompyuta ulikuwa umepoteza hesabu ya nani yuko wapi, na marubani walikaa kwenye simu saa nyingi wakijaribu kusema, "Mimi hapa, nipangieni." Abiria walilala sakafuni wiki ya Krismasi.

Simu aliyokukatia, mama, bila shaka ilikuwa ya watu wa ratiba. Akiikosa anaandikwa kwamba hakupatikana, na anaweza kukatwa malipo ya siku hiyo. Usimwekee moyoni. Mwombe akutumie ratiba yake kila mwezi, uzijue siku za akiba na siku za mapumziko, na mazungumzo marefu muwekeane kwenye mapumziko.

*

*Kapteni, habari ya kazi. Nasomea urubani hapa Nairobi. Binamu yangu aliye Atlanta anasema rafiki yake wa Delta alilipwa mara mbili kwa safari moja, na mwingine wa shirika jingine mara tatu na nusu. Wenzangu darasani wanasema ni porojo. Malipo ya ziada ya marubani yanakwendaje?*
Mwanafunzi, Nairobi

Mdogo wangu, si porojo. Marubani wa Delta safari ya ziada inayolipwa mara mbili wanaiita karatasi ya kijani, na ya malipo ya kawaida karatasi nyeupe. Ile ya mara tatu na nusu nayo ilikuwepo: mwisho wa Desemba 2021, korona ya aina ya Omicron ilipowaangusha marubani kitandani, United walikubaliana na chama cha marubani kuwalipa kiasi hicho watakaochukua safari za siku zile za mwaka mpya. Ulikuwa wakati wa dharura. Usiujengee nyumba.

Anza na msingi. Rubani wa Marekani analipwa kwa saa, na saa hiyo inaanza kuhesabiwa ndege inapoachia breki na kuanza kusogea, inakoma inapoegesha. Kuizunguka ndege na tochi kwenye theluji, kupanga mafuta, kupakia abiria 76, kumsubiri mhudumu anayetoka ndege nyingine, hayo yote hayamo ndani ya saa hiyo. Kando yake kuna posho ya safari kwa kila saa uliyo mbali na kituo chako, na mikataba mingi ina kima cha chini cha malipo kwa siku, ili usipelekwe mji wa mbali kwa safari moja ya dakika hamsini ukarudi na dakika hamsini.

Rubani wa akiba anawekewa dhamana ya mwezi. Tuseme saa 75, na tuseme analipwa dola 100 kwa saa, namba za kufanyia hesabu tu. Mwezi ameitwa kidogo, ameruka saa 40: analipwa 75, yaani dola 7,500. Mwezi ameitwa sana, ameruka saa 82: analipwa 82.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo soma taratibu. Umeruka saa 40, ukaitwa siku yako ya akiba ukapewa safari ya saa 10. Umefika 50. Utalipwa ngapi? Bado 75. Safari ile imemezwa na dhamana, umebaki na posho tu. Sasa safari ileile ya saa 10 uichukue kwa hiari siku yako ya mapumziko. Katika mikataba mingi inawekwa juu ya dhamana: 75 na 10. Ikiwa imetangazwa kwa mara moja na nusu, ni dola 1,500 juu ya zile 7,500. Ikiwa ni mara mbili, ni dola 2,000. Kazi ni ileile, anga ni lilelile; kilichobadilika ni siku uliyoifanyia. Nilipokuwa akiba nilichora kalenda ya karatasi ukutani, siku za akiba kwa kalamu nyeusi na za mapumziko kwa nyekundu, kwa sababu nyekundu ndizo zilizoweza kunipa kitu.

Shirika linakubalije kulipa mara mbili? Fikiria ndege moja inayofanya safari tano kwa siku. Ya kwanza ikikosa rubani, si abiria 76 peke yao watakaokwama; nyuma yake kuna wengine wa safari nne wanaoisubiri ndege hiyohiyo. Kuna hoteli za kulipia, kuna viti vya kuwatafutia kwenye ndege zilizojaa. Dola elfu moja za ziada kwa rubani aliye tayari ni ndogo hapo.

Lakini usidhani ni ukarimu. Malipo haya yamo kwenye mikataba kwa sababu vyama viliyapigania. ALPA, kikubwa kati ya vyama hivyo, kilianzishwa mwaka 1931 hapa Chicago. Mazungumzo yenyewe yanaongozwa na sheria ya kazi za reli ya mwaka 1926, ambayo mwaka 1936 ilipanuliwa ikayaingiza mashirika ya ndege, na mazungumzo hayo yanaweza kuchukua miaka. Nimewahi kukaa kwenye vikao vya tawi letu, na hoja inayorudiwa na wazee ni hii: shirika likiajiri marubani wachache kuliko kazi iliyopo, upungufu huo sharti uligharimu shirika kwanza kabla haujagharimu usingizi wa rubani. Nakubaliana nao kabisa. Malipo ya mara mbili ni kengele inayoliambia shirika kwamba watu hawatoshi.

Kengele kubwa ililia Novemba 2017 kwa shirika la American. Kompyuta ya ratiba iliwaachia likizo marubani wengi mno kwa wakati mmoja, na safari zaidi ya 15,000 za nusu ya pili ya Desemba zikaonekana hazina mtu. Shirika likatangaza malipo ya mara moja na nusu ili watu warudi.

Utaratibu wa kuzigawa nao uko kwenye mkataba. Kila mtu anaweka ombi lake kwenye kompyuta mapema: siku hizi niiteni, safari za aina hii, malipo haya. Safari ikibaki wazi wanaangalia kwanza wenye akiba. Wakikauka, wanapigiwa waliojitolea, mwenye namba ya juu kwanza, na dakika za kujibu ni chache. Pasipo wa kujitolea, mikataba mingine inaruhusu kulazimisha, na hapo orodha inageuzwa: wanaanza na wa chini kabisa. Ndiyo sababu wapo marubani wageni wasiopokea simu ya kituoni siku zao za mapumziko, na mkataba unawalinda kwa hilo. Siku ya mapumziko ni yako.

*

*Dada, mume wangu ni rubani, tunaishi Columbus, Ohio. Simu ikilia siku yake ya mapumziko anakimbilia sare. Desemba alilala nyumbani usiku tano. Anasema sheria inamruhusu na tunalipa nyumba haraka. Kweli sheria inamruhusu kiasi hicho? Mimi naogopa.*
Mke wa Rubani, Columbus

Dada yangu, kuogopa kwako kuna sababu, nami nitakujibu kwa namba kwanza.

Sheria ya uchovu ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, FAA, ilianza kazi Januari 2014. Inasema rubani wa abiria hapiti saa 100 za kuruka ndani ya siku 28, wala saa 1,000 ndani ya siku 365. Katika kila saa 168, yaani juma zima, lazima apate saa 30 mfululizo bila kazi yoyote. Kabla ya kuanza zamu au akiba anapata mapumziko ya saa 10, na ndani yake nafasi ya kulala saa 8 bila kusumbuliwa. Na akiitwa kutoka akiba ya karibu, ile ya kuripoti ndani ya kama saa mbili, saa za kusubiri na saa za zamu zikijumlishwa hazipiti 16. Muda wake ukifunguka saa 12 asubuhi na akaitwa aripoti saa 9 alasiri, saa 4 usiku awe amemaliza, hata kama safari yenyewe inapendeza kwa malipo. Kujitolea hakuondoi kikomo hata kimoja.

Kwa hiyo ndiyo, Desemba kama ile inawezekana ndani ya sheria. Saa 100 zinasikika chache hadi ukumbuke kwamba ni saa za kuruka peke yake. Siku ya saa tano angani inaweza kuwa ya saa kumi na mbili tangu alipovua pajama.

Sheria hii ina makaburi nyuma yake. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air, safari 3407 kutoka Newark, ilianguka juu ya nyumba Clarence Center karibu na Buffalo, wakafa watu 50. Wachunguzi walisema kapteni aliitikia vibaya onyo kwamba ndege inapoteza uwezo wa kuelea. Walisema pia kwamba uchovu huenda uliwapunguzia uwezo marubani wote wawili. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kupitia Memphis ili afike kazini. Kapteni alikuwa amelala kwenye chumba cha wafanyakazi uwanjani. Familia za marehemu zilikwenda Washington tena na tena mpaka sheria ikaandikwa. Marubani wa mizigo waliachwa nje yake, na hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu usiku wao ni mrefu kuliko wetu.

Sheria hiyohiyo inamtaka rubani aseme mwenyewe kama hafai kuruka kwa uchovu. Nimewahi kusema hivyo mara moja tu, mwaka 2017. Ilikuwa siku ya nne, ya ziada, niliyoichukua kwa mara moja na nusu baada ya siku tatu za kuamka saa 9 usiku. Syracuse, theluji ya kando kwa kando. Nilipokuwa nasoma orodha ya ukaguzi nilisoma mstari uleule mara mbili, na mara ya pili sikujua kwamba nilishausoma. Kapteni alinitazama. Nikatoa simu nikawaambia watu wa ratiba, nimechoka, siruki. Waliniuliza mara tatu kama nina hakika. Nilijaza fomu, nikakatwa saa nne za malipo ya safari ile, na nikalala kwa muda wa saa kumi na moja kwenye hoteli yenye pazia zisizofunga. Sijawahi kuzijutia zile saa nne.

Mwambie mume wako mambo mawili. La kwanza, mkopo wa nyumba ulipiwe kwa dhamana ya mwezi, ile ya chini kabisa, na ya ziada iwe ya ziada. Shirika likishaajiri watu wa kutosha, safari za mara mbili zinakauka msimu mmoja, na nyumba iliyosimama juu yake inatikisika. La pili, mkae na kalenda mchague siku ambazo simu yake itazimwa. Kwenye kompyuta ya ratiba anaweza kuondoa ombi lake kwa siku hizo. Ni kazi ya dakika mbili. Akikuambia atachelewa kupata nyingine, mjibu kwamba mimi nimesema zitarudi.

*

*Kapteni, tunaoza binti yetu Minneapolis mwezi ujao. Mjomba wa bibi harusi ni rubani na siku hiyo yuko "akiba ndefu". Atakuja au tusimhesabu?*
Kamati ya harusi

Mhesabuni. Akiba ndefu ni nyingine na ile ya mayai. Mwenye akiba ndefu hupewa taarifa mapema, kwa mikataba mingi saa 12 au zaidi, na lazima apate saa zake 10 za mapumziko kabla ya kuripoti. Akipigiwa saa 12 jioni aripoti saa 12 asubuhi, pilau atakula, picha atapiga, halafu saa 2 usiku atawaaga akalale. Soda mpeni, kingine asiguse. Na mkimpangia meza, mwekeni mbali na spika, upande wa mlangoni, ili simu ikilia aisikie na atoke kuzungumza bila kumpita bibi harusi mbele.